Uji Uliovuka London

Mwenzangu alikuwa amekataa kula. Habari hiyo aliileta Ijumaa jioni mlezi wa bweni letu, mama wa Kiingereza mwenye sauti nene na moyo mwema, ambaye alikuwa ametoka kuzungumza na hospitali kwa simu. Upasuaji umekwenda vizuri, alisema. Kidole tumbo kimetolewa, kidonda kinafunga, homa hakuna. Ila mgonjwa hatii kitu kinywani isipokuwa maji. Supu inarudi kama ilivyokwenda, mkate unarudi, yai linarudi na ganda lake. Daktari ameonya kwamba akiendelea hivyo watamlisha kwa mpira wa puani, na hawatamruhusu kusafiri nasi tutakaporudi nyumbani mwisho wa mwezi.

Tulikuwa kundi dogo la walimu kutoka Tanzania, tuliopelekwa London kwa miezi michache kujifunza namna ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Wanawake tulikuwa wawili tu, yeye na mimi, na wote tulitoka upande mmoja wa nchi. Mimi ni mtoto wa Tabora mjini, binti wa fundi cherehani, niliyelelewa katika nyumba ambayo adhana na honi ya garimoshi viligombania kutuamsha. Yeye ni binti wa wakulima Wakatoliki wa vijijini, upande wa Bukene. Chuo cha ualimu kilitukutanisha, na kabla ya kuondoka tulikuwa tumeomba, kwa hiari yetu, tupangwe pamoja katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Ziba. Ndugu zetu walishangaa. Walituona tunatupa bahati ya kupata kazi mjini. Sisi tuliamini, na mimi bado ninaamini, kwamba nchi changa haiwezi kujengwa na watu wanaosogelea taa za umeme huku jirani zao wakisomewa barua na makarani. Kwa hiyo kama mwenzangu asingesafiri, si rafiki tu ambaye ningemkosa. Nusu ya kazi tuliyoiahidi ilikuwa imelala katika kitanda kile, inakataa supu.

Tangu apasuliwe, aliyefika kumwona alikuwa mlezi peke yake, kwa sababu masomo yalitubana mpaka jioni. Jambo hilo lilinitesa kuliko nilivyoonyesha. Kwetu Tabora mgonjwa wa hospitali haamkiwi na daktari kwanza. Huamkiwa na uji wa nyumbani. Alfajiri barabara ya kwenda hospitalini hujaa wanawake wenye vikapu na vyungu vilivyofungwa kanga, na askari wa getini huwajua kwa majina ya wagonjwa wao. Mgonjwa asiyeletewa uji hutazamwa na wodi nzima kwa huruma, na wa kitanda cha pili humgawia wake.

Jumamosi kundi zima lilikuwa liende nje ya jiji kutazama mashamba ya ushirika. Niliomba ruhusa nibaki. Niliamka mapema, nikashuka jikoni, nikatoa unga wa ulezi ambao mama alinifungia siku ya kuondoka pamoja na chupa ndogo ya asali ya porini. Nilikuwa nimevitunza kwa siku ya ugonjwa wangu mwenyewe. Nilikoroga uji mwepesi, nikautia asali na ndimu, nikaujaza katika chupa ya chai, nikaifunga chupa kwa kanga na kuiweka katika kikapu.

Mlangoni nilikutana na mtani wangu wa kikabila, mwalimu mwenzetu Mzaramo wa Kisarawe, aliyekuwa akisubiri basi la safari. Miezi yote ile yeye ndiye aliyekuwa akitutembeza jijini. Alikuwa na ramani, alitangulia, nasi tulimfuata kwa mstari, tukamwita kirangozi kama alivyoitwa yule aliyetangulia mbele ya misafara ya zamani. Sikuwa nimewahi kuvuka hata mitaa miwili ya London bila kuutazama mgongo wake.

"Ndugu Mpagazi!" aliniita alipoona kikapu. "Hamjaacha tu? Babu zenu walibeba pembe mpaka kwetu pwani. Mmeona pwani haitoshi, sasa mnabeba mpaka Ulaya!"

"Wakifika kwenu mkiwauzia maji ya visima alivyochimba Mungu," nilimjibu.

"Maji tuliwauzia. Akili ndiyo walitaka bure." Alicheka, kisha akanitazama vizuri. "Unakwenda peke yako? Ng'ambo ya mto? Ngoja kesho nikupeleke, mtani."

"Kesho uji utakuwa umelala."

"Haya. Lakini ukipotea, usinitie aibu kwa kulia mbele ya polisi. Mimi nitakuja kukuzika tu. Nitasema, marehemu nilimjua, alikuwa mtu wa mizigo."

Basi likaja, wakapanda wote, naye akanipungia mkono dirishani kwa huzuni ya uongo. Nikabaki na kikapu, jiji, na karatasi ambayo mlezi alikuwa ameniandikia jina la hospitali na mahali pa kubadilishia treni.

Reli ya chini ya ardhi nilikuwa nimeipanda mara nyingi, lakini katikati ya wenzangu, kama mtu anayepanda gari akiwa amelala. Peke yangu niliiona mara ya kwanza. Niliteremka kwa zile ngazi zinazojiendesha, nimeshika kikapu kwa mikono miwili, na upepo wa joto wenye harufu ya chuma ukanipanda usoni kutoka chini kabla sijaiona treni yenyewe. Nilipoingia katika behewa nilifanya kama anavyofanya kila mtu anayeingia katika behewa la kwenda Mwanza au Kigoma: niliwasalimia waliomo. Nilisema habari za asubuhi kwa wote, kwa Kiingereza changu kizuri cha chuo. Magazeti yakatikisika kidogo. Hakuna aliyejibu, ila mzee mmoja mwishoni aligusa ukingo wa kofia yake na kutazama pembeni haraka, kama aliyetoa sadaka na hataki kuonekana. Nikamshukuru kimoyomoyo, nikakaa.

Karatasi iliniagiza kubadili treni katika njia panda kubwa. Nikatulia. Kama kuna jambo ambalo mtoto wa Tabora hafundishwi na mtu, ni njia panda ya reli. Treni ya kutoka Dar es Salaam ikifika kwetu husimama kama mwenye nyumba aliyerudi kwake. Mabehewa ya Mwanza hutengwa, ya Kigoma hutengwa, kichwa hufunguliwa na kwenda kunywa maji, na abiria hushuka na mikeka. Watoto huogeshwa bombani. Wenye karanga na mayai ya kuchemsha hupita mara kumi. Wapo waliochumbiana kwenye ukumbi wa stesheni wakisubiri kubadili treni. Basi niliposikia jina la stesheni yangu nilianza kujiandaa kwa utaratibu unaostahili: nikaikaza kanga kwenye chupa, nikafunga vifungo vya koti, nikageuka kumuaga mzee wa kofia. Milango ilikuwa imekwisha kufunguka na kujifunga. Stesheni ikateleza dirishani, na njia panda nzima ikabaki nyuma kabla sijasimama.

Mzee wa kofia alinitazama kwa masikitiko ya kweli. "Hazisubiri," aliniambia.

Nilishuka stesheni iliyofuata na kusimama ukutani. Ningeweza kurudi nyuma kwa treni ya upande wa pili, hilo nililijua. Lakini niliona alama ya kutokea juu, nikafikiri kwamba mtu anayejiandaa kuwaambia watu wazima wa Ziba kwamba hawajachelewa kujifunza kitu kipya hawezi kuogopa barabara yenye majina kwenye kila pembe. Nikapanda ngazi, nikatoka kwenye mwanga.

Nilikuwa katika mji wa zamani kabisa wa London, ule ambao jiji lote lilikua kuuzunguka. Siku za kazi ni mahali pa mabenki na mabwana wenye miavuli, lakini Jumamosi ile kulikuwa kimya. Nyayo zangu zilinirudia kutoka kwenye kuta. Nilimwendea askari polisi, mrefu mno, nikamwuliza njia ya kwenda hospitalini kwa miguu. Alitazama kikapu, akatazama viatu vyangu, akanielekeza kwa subira: nifuate barabara hii mpaka nione kuba la kanisa kuu, nikilifikia nigeuke kushoto niteremke mtoni, nivuke daraja, kisha niulize tena. Maelekezo ya namna hiyo niliyafahamu. Ndivyo tunavyoelekezana hata sisi: mtu hupewa kitu kikubwa cha kutazama mbele, kisha huaminiwa.

Nilitembea polepole, na furaha ikaanza kuniingia bila kuniuliza. Majengo yalisongamana, mengine yakiwa na weusi wa moshi wa miaka mingi, na katikati yake palikuwa na viwanja vitupu vilivyoota magugu, ambapo mabomu ya vita yalianguka na bado hapajajengwa. Kisha nikaona majina. Mtaa mmoja uliitwa wa Mkate. Karibu yake ulikuwapo wa Maziwa. Na katikati ya maduka yaliyofungwa nikakuta kichochoro kifupi kilichoitwa cha Asali. Nilisimama pale nikicheka peke yangu. Ilikuwa wazi kwamba hapa palikuwa sokoni, kwamba mabwana hawa wenye miavuli walitokana na watu walioketi chini na mitungi yao wakipigia kelele wapita njia, sawasawa na wauza asali wa Tabora. Nilichungulia kichochoro chote. Hapakuwa na asali hata tone, isipokuwa ile niliyoibeba mimi.

Kuba la kanisa kuu lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani, na sikuingia kwa sababu uji ulikuwa unanihimiza. Niliteremka mtoni. Mto Thames ulikuwa wa rangi ya chai iliyokosa maziwa ya kutosha, na mashua za makaa zilipita chini yangu nilipokuwa darajani. Nikauliza tena, mara hii kwa mwanamke aliyekuwa akiuza maua, akaniita mpenzi wake kabla sijamaliza sentensi. Sikujua kama nikasirike. Aliponielekeza kwa usahihi na kuniita mpenzi tena, nikaamua kwamba huenda huo ndio udada wa huku.

Nilifika hospitalini na uji wangu moto, nikapanda mpaka wodi ya wanawake, na mlangoni nikazuiwa na sista mkuu, muuguzi msimamizi wa wodi. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, kofia yake nyeupe imekazwa kama imechongwa.

"Wageni ni kuanzia saa nane mchana," alisema.

"Nimemletea mgonjwa uji wa asubuhi."

"Asubuhi madaktari wanapita. Hakuna wageni."

"Mimi si mgeni, sista. Mimi ni mtu wake."

Alinitazama. Sidhani kama aliudhika. Nadhani alikuwa akitafuta mahali pa kuliweka neno hilo. "Unaweza kuacha chupa," alisema hatimaye. "Lakini nakuambia ukweli, ataikataa kama anavyokataa vyote. Jana nilimsihi mwenyewe. Ni msichana mpole sana, anasema ahsante na kurudisha sahani."

Nilifikiri juu ya chupa ile ikirudi pamoja na mayai na mkate. Nikamwambia nitasubiri na uji wangu. Nilikuwa na asubuhi nzima, jiji zima, na nusu ya siku ya kuogopa kwamba uji utapoa. Niliongeza sweta yangu juu ya kanga, nikaufunga mzigo kama mtoto mchanga, nikatoka.

Babu yangu mzaa mama, mtu wa Kwihara, alikuwa mpagazi ujanani mwake, kabla ya reli. Nilimkuta akiwa mzee sana, na njia ya pwani aliisimulia kwa namna yake mwenyewe: hakutaja miji kwa ukubwa wala kwa watawala wake. Alitaja mahali alipokalishwa. Pale tulipewa gogo, pale tulipewa kivuli, pale walituacha tumesimama juani na mizigo vichwani. Siku ile niliijua London kwa kipimo hicho, na lazima niseme kwa haki kwamba jiji lile lina viti vingi kuliko nilivyotegemea. Nilikaa ukingoni mwa mto. Nilikaa kwenye ngazi za uwanja mkubwa wenye chemchemi na njiwa. Nilikaa ndani ya kanisa dogo ambalo mlango wake ulikuwa wazi, mimi Mwislamu na uji wangu, na hakuna aliyenifukuza. Kati ya kiti na kiti nilirudi chini ya ardhi, safari hii kwa kupenda. Nilipanda treni nisizozihitaji. Nilibadili mistari kwenye njia panda nikiwa nimesimama mlangoni kabla treni haijasimama, nikashuka kama mwenyeji, nikapanda nyingine. Nilianza kuipenda ile ramani ya rangi rangi. Mtu yeyote aliyejua herufi angeweza kuisoma, tajiri na mfagizi kwa namna moja. Niliahidi nafsini mwangu kuichora ubaoni Ziba.

Si kila nilichokiona kilinifurahisha. Katika dirisha la duka moja la vitu vya zamani niliona mipira ya mchezo, masega na vipini vya visu, vyote vya pembe za ndovu, vimepangwa juu ya mahameli. Nilisimama mbele ya kioo nikaona pia sura yangu na kikapu changu. Pengine hakuna hata kimoja kilichopita juu ya bega la babu, na pengine vyote. Hasira haikunijia kama nilivyotazamia. Lililonijia ni swali la mwalimu: je, mtu aliyenunua sega lile aliwahi kujua kwamba kulikuwa na miguu upande wa pili? Niliona kwamba kujenga nchi yetu kunajumuisha na hilo, kufundisha watu waandike wenyewe mahali walipopita. Kisha nikaenda zangu, kwa sababu mzigo niliobeba mimi ulikuwa na mwenyewe, na nilimjua.

Katika bustani moja yenye ziwa nilikaa kwenye benchi karibu na bibi mmoja aliyekuwa akiwarushia bata makombo. Alinyoosha kidole kwenye kikapu.

"Una paka humo?"

"Nina uji, bibi. Wa mgonjwa."

"Nilidhani paka. Umemfunga vizuri." Aliuliza mgonjwa yuko wapi, nikamtajia hospitali. "Aa, pale wana kengele," alisema. "Usitoke kabla ya kengele, hata wakutazame vipi. Na umefikaje huku?"

"Kwa treni ya chini. Nimeanza kuizoea."

"Mimi nimelala humo," alisema.

Nilidhani sikuelewa Kiingereza chake. Akanieleza kwamba wakati wa vita, mabomu yalipokuwa yakianguka usiku, watu wa London waliteremka stesheni na mablanketi na watoto na kulala chini, bega kwa bega, kwenye ukumbi wa abiria, mpaka asubuhi. Wengine waliimba. Jirani yake alijifungua karibu kabisa na reli.

"Kumbe na ninyi mmelala stesheni!" nilisema kwa sauti kubwa mno, bata wakashtuka. Nikamsimulia habari za Tabora, mikeka, mayai ya kuchemsha, watu waliochumbiana wakisubiri treni. Alicheka mpaka akatoa leso.

"Na siku hizo mlikuwa mkisalimiana humo ndani?" nilimwuliza.

"Siku hizo, ndiyo," alijibu. Akakung'uta makombo ya mwisho kutoka kwenye mfuko wake. "Mpe mgonjwa wako salamu. Mwambie chakula cha hospitali hakikuwa kizuri hata enzi zetu."

Saa nane nilikuwa mlangoni pa wodi pamoja na wageni wengine wenye maua na zabibu. Kengele ikalia, tukaingia. Mwenzangu alikuwa kitanda cha dirishani. Alikuwa amekonda usoni, lakini alikuwa amesuka nywele zake mwenyewe na kukaa wima kama mtu anayesubiri mkaguzi wa shule.

"Mwadila," nilimwamkia kwa lugha yao ya nyumbani.

"Mwadila," aliitikia, na macho yake yakajaa. Kisha akatazama nyuma yangu. "Wengine wako wapi? Nani kakuleta?"

"Nimejileta."

"Wewe? Wewe unayefumba macho kwenye zile ngazi?"

"Nilifumba moja tu. Niambie, kwa nini huli?"

"Ninakula."

"Unakula nini?"

"Maji."

"Basi wewe ni ua. Ningekuletea mbolea."

Alitabasamu, akashika tumbo. Nikafungua mzigo wangu, sweta, kanga, kizibo, na mvuke ukatoka. Ulikuwa bado na joto! Nilimimina uji katika kifuniko cha chupa nikampa kwa mikono miwili. Aliupokea, akaunusa, akafumba macho. Nikangoja. Hakunywa. Aliendelea kuushika kifuani, vidole vimekizunguka kifuniko, akinitazama kwa namna ya mtu aliyesahauliwa kitu na anayeona haya kukidai.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Sisi watu wa mjini jambo hili tumeliacha zamani, na ninadhani ndiyo sababu lilinichukua muda. Lakini vijijini kwao, anayempa mtu chakula au kinywaji, hasa mgeni, hasa mgonjwa, huonja kwanza mwenyewe mbele ya macho yake. Watu husema ni kuondoa uchawi, kuonyesha kwamba hakuna kilichotiwa. Mtoto hulijua kabla ya kujua kuhesabu. Sahani zote alizoletewa katika wodi ile zilikuwa zimewekwa juu ya meza na kuachwa, na mikono iliyogeuka na kwenda zake.

Nilikichukua kifuniko mkononi mwake, nikanywa funda moja, nikameza akiniona, nikamrudishia. Alikunywa chote bila kupumua.

Nikammiminia cha pili. Alikunywa nusu, akakiteremsha, akatazama shuka.

"Usiwaambie wenzetu," alisema kwa sauti ndogo.

"Niwaambie nini?"

"Unajua. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya darasa kule chuoni nikasema mambo haya ni minyororo. Nilipigiwa makofi. Na sasa nikiletewa sahani na mtu nisiyemjua, akaiweka na kuondoka, siwezi. Bwenini sote tunakula sufuria moja, na maji ya hapa nayakinga bombani mwenyewe. Siamini hayo mambo, dada, naapa siamini. Akili yangu imesoma. Koo ndilo halikwenda chuo."

Nilitaka kucheka, na nilitaka kumjibu kwa uzito unaostahili, kwa sababu najua alikuwa ameteseka kwa aibu zaidi kuliko kwa njaa. Nikamwambia nilichokuwa nikikifikiri wakati ule ule, na ambacho sijakibadili. Kwamba woga wa uchawi tuupige vita, kwa sababu unawatenga majirani na kuwaonea wazee. Lakini kuonja si woga peke yake. Anayeonja anasema: kama kuna baya ndani ya hiki, nimeanza mimi. Kijiji tunachokwenda kujenga hakitasimama kwa neno jingine lolote.

"Hotuba hiyo umeitunga kwenye treni?" aliuliza.

"Hapana. Kwenye treni nilikuwa nashika nguzo."

Alimaliza uji wote. Saa za wageni zilipokaribia kwisha, sista mkuu akaja mwenyewe akisukuma toroli la chai. Kwenye meza ya mwenzangu akaweka bakuli la wali uliopikwa kwa maziwa, kama alivyofanya, bila shaka, kila siku, na akaanza kugeuka. Nikamwita. Nilimwomba radhi, nikamweleza kwa kifupi kwamba kwetu anayetoa chakula huanza yeye, mbele ya anayepewa, na kwamba mgonjwa wake hakuwa akikataa chakula, alikuwa akisubiri. Mwenzangu alijifunika uso kwa kiganja.

Sista alisimama. Alitazama bakuli, akamtazama mgonjwa, akatazama wodi yake nzima iliyokuwa ikimwangalia. Kisha akachukua kijiko safi kutoka kwenye toroli, akakijaza, akatia kinywani, akatafuna kwa makini kama mtu anayesoma kipimajoto.

"Hakina sukari ya kutosha," alisema. "Sikulaumu."

"Jamani, msinichekeshe," mwenzangu alilia kwa Kiswahili, ameshika kidonda, "nyuzi zitakatika!" Lakini alikuwa amekwisha kuvuta bakuli. Sista akachukua sukari kutoka kwenye toroli, akainyunyiza juu, akaonja tena bila kuambiwa, akasukuma toroli lake mbele.

Kengele ikalia. Wageni wakaanza kuinama na kubusu na kukusanya makoti yao. Mimi nilibaki nilipo, na sista alipita kitanda chetu mara mbili bila kuniona. Mwenzangu alikula polepole, kwa adabu, akifuta mdomo kila baada ya kijiko. Alipokaribia kumaliza aliweka kijiko, akanisogezea bakuli na kunionyesha kilichosalia pembeni.

"Malizia wewe," alisema. "Umetembea."